Mpira Unaozeekea Ndani

Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ina kona za kutosha kumfundisha dereva yeyote tabia ya gari lake. Mwenye Volkswagen ya zamani, ile iliyobatizwa mgongo wa chura, anafika chini salama, anaegesha kivulini na kushuka kunyoosha mgongo. Hapo ndipo anaponusa kitu kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Anapitisha kiganja karibu na rimu moja baada ya nyingine. Tatu zina joto la kawaida. Ya mbele kushoto haikaribiki. Na sasa anakumbuka kwamba njia nzima usukani ulikuwa ukimvuta kushoto, naye akadhani tairi limepungua upepo.

Kisa kama hiki kina mwendelezo unaojulikana gereji. Fundi wa kwanza anafungua ngoma, anazipiga msasa breki shuu, anarudisha. Siku chache baadaye gari limerudi. Wa pili anabadilisha silinda ya gurudumu. Wa tatu anaigeukia masta silinda, maana mbele ya macho yake hakuna kingine kilichobaki. Pesa zimeshakwenda mara tatu, na mkosaji bado ananing'inia pale pale nyuma ya tairi: kipande cha mpira kisichofika nusu mita, cheusi, kisichovuja hata tone, kinachoonekana kizima kabisa.

Uzima wake wa nje ndio unaowadanganya watu. Mpira wa breki, ambao mafundi wengi huuita hozi, si bomba la tabaka moja kama la kumwagilia bustani. Katikati kuna mrija mwembamba wa mpira laini, na kwenye magari mengi tundu lake ni milimita 3 na kitu tu. Juu ya mrija huo zimesukwa tabaka za nyuzi imara, ambazo ndizo zinazobeba shinikizo. Nje kabisa kuna ganda la mpira mgumu linalozuia jua, mawe na matope. Macho ya fundi huona ganda. Mafuta ya breki hupita kwenye mrija. Hivyo viwili havizeeki kwa mwendo mmoja.

Mrija wa ndani unapochoka, hufanya moja kati ya mambo mawili. Huweza kuvimba taratibu hadi tundu likawa kama la sindano, au huweza kuchanika ndani na kuacha kijinofu kinachocheza kama mlango wa bawaba. Dereva anapokanyaga, shinikizo ambalo kwa mguu mzito linaweza kuvuka psi 1,000 husukuma mafuta yakapita kwa nguvu. Anapoachia, kazi ya kuyarudisha inabaki kwa springi za breki shuu, na nguvu ya springi hizo ni ndogo mno mbele ya ile ya mguu. Kijinofu hujifunga, mafuta yanabaki upande wa gurudumu, na breki inaendelea kushika huku pedali imeachwa. Gurudumu linapata moto, mafuta yanapata moto, ngoma inatanuka, na mteremko unaofuata unaanza na breki zilizochoka tayari.

Uzee wa nje ni rahisi kuutambua. Kunja mpira kwa vidole pale unapoingia kwenye chuma: nyufa zikionekana, muda wake umekwisha. Ukiutazama msaidizi anapokanyaga pedali na ukatuna hata kidogo kama shavu la mtoto anayepuliza puto, nyuzi za katikati zimeshakatika, na gari hilo lisitoke hapo lilipo. Mpira uliolainika na kunata kama jojo umelowa oili, ya injini au ya giaboksi, na nao ni wa kutupa. Dalili nyingine hujificha mguuni: pedali inabonyea kama godoro ingawa upepo umeshatolewa mara mbili, kwa sababu mipira minne mizee inapanuka kila mara badala ya kupeleka nguvu yote kwenye magurudumu.

Mgongo wa chura unafaa kuwa mfano kwa sababu historia yake Afrika Mashariki ni ndefu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, magari haya yalikuwamo, na Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na tena 1962, kwenye barabara ambazo leo trekta lingezilalamikia. Breki zake ni rahisi kuzielewa. Toleo la Export lilipata breki za mafuta mwaka 1950. Toleo la kawaida liliendelea kuvutwa kwa nyaya hadi mwaka 1962. Gari lina mipira minne, mmoja kwa kila gurudumu, na ngoma nne ambazo hazina msaada wowote wa injini. Kinachozuia gari ni mguu wa dereva, mafuta na mipira hiyo.

Kuna jambo moja la kulitazama kabla ya kugusa spana. Magari yaliyopelekwa Marekani yalianza kuwa na breki za njia mbili kwa toleo la mwaka 1967, yaani mbele na nyuma zikiwa na mikondo tofauti ya mafuta. Ya kabla ya hapo, na baadhi ya matoleo ya bei nafuu yaliyouzwa kwingineko baadaye, yana njia moja tu. Maana yake ni nzito: kwenye gari la njia moja, mpira mmoja ukipasuka kwenye mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu, breki zote nne za mguu zimekwenda, na dereva amebakiwa na breki ya mkono na gia. Mwenye gari la namna hiyo hana sababu ya kubishana kuhusu gharama ya mipira minne.

Kabla ya kununua chochote, mkosaji athibitishwe. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gurudumu linaloshika linainuliwa kwa jeki na gari kukalishwa juu ya stendi, si jeki peke yake wala tofali. Msaidizi anakanyaga breki kwa nguvu kisha anaachia. Gurudumu likigoma kuzunguka, fundi analegeza kidogo skrubu ya kutolea upepo, ambayo kwenye Volkswagen hufunguliwa kwa spana namba 7. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa. Likibaki limekaza, tatizo ni la chuma: breki shuu zimenasa, silinda imeota kutu, au kwa magurudumu ya nyuma, waya wa breki ya mkono haurudi.

Ikiwa lilikuwa shinikizo, skrubu inafungwa na pedali inakanyagwa tena. Safari hii kinacholegezwa ni nati ya paipu ya chuma upande wa juu wa mpira, kabla mafuta hayajaingia ndani yake. Gurudumu likibaki limeshika ingawa njia ya juu imefunguliwa, mafuta yamezuiliwa na mpira wenyewe. Likiachia, mpira hauna hatia na uchunguzi uhamie kwenye masta silinda.

Hapo kwenye masta silinda kuna mtego uliowagharimu wengi. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta silinda ya Volkswagen panatakiwa nafasi ya milimita 1 hivi, ambayo mguu huisikia kama milimita 5 hadi 7 za ulegevu mwanzoni mwa pedali. Nafasi hiyo ikikosekana, pistoni hairudi hadi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, na breki zinajikaza zenyewe kadiri zinavyopata joto. Tofauti ni kwamba hapo hushika magurudumu yote au jozi nzima, si moja. Kwenye magari yenye mpira mmoja tu kwa ekseli yote ya nyuma, kama Land Rover nyingi za zamani, mpira mbovu wa nyuma nao hushika magurudumu mawili kwa pamoja, kwa hiyo fundi aanze kwa kuhesabu mipira.

Sasa dukani, ambako ndiko makosa makubwa zaidi hufanyika. Mteja anafika Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, akiwa na mpira wa zamani mkononi. Mauzo mengi ya mitaa hiyo ni ya magari ya Kijapani, na muuzaji mwenye nia njema kabisa atapekua, atalinganisha urefu, na kuleta wa Toyota. Utaingia. Volkswagen na Toyota zote hutumia nati za milimita 10 zenye meno ya hatua ya milimita 1. Lakini mdomo wa paipu ya Kijerumani umetunishwa kama uyoga mdogo, na wa Kijapani umekunjwa mara mbili kuingia ndani kama faneli. Kila mdomo una kiti chake. Meno yatakubaliana, viti havitakubaliana, na kiungo kitatoka jasho siku ya kwanza au kuvuja siku ya dharura.

Mtego wa Kiingereza ni mbaya zaidi. MG, Morris na ndugu zao hutumia nati za inchi tatu kwa nane zenye meno 24 kwa inchi. Kipenyo ni milimita 9.5, na hatua ya meno inazidi milimita 1 kwa unywele tu. Nati hiyo ikiwekwa kwenye tundu la milimita 10 inaingia kwa mkono bila kulalamika, inakaza kidogo, na fundi anaridhika. Inashikilia kwa ncha za meno tu. Siku dereva atakapokanyaga kwa hofu, ndiyo siku itakapong'oka. Nati inayocheza kama jino bovu kabla ya kukazwa irudishwe dukani.

Alama zilizochapwa juu ya mpira zisomwe palepale kaunta. Mpira uliotengenezwa kwa kanuni za Marekani huwa na herufi DOT, alama ya mtengenezaji, kipimo cha tundu, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kanuni hizo zinautaka mpira wa tundu dogo uhimili psi 7,000 kabla ya kupasuka, na hiyo ndiyo tofauti kati yake na bomba lolote jeusi lenye ncha za chuma. Tarehe ni muhimu kuliko ung'aavu. Mpira huzeeka hata ukiwa kwenye mfuko wake, na spea za magari ya zamani hukaa rafuni muda mrefu kwa sababu wanunuzi ni wachache. Spea "mpya ya zamani" ni sifa kwa taa, bampa au nembo ya mlangoni. Kwa mpira wa breki ni sababu ya kuuacha.

Wapo pia mafundi stadi wa kutengeneza mipira ya haidroli ya matrekta na mitambo, wanaokata kipande na kukibana ncha mbele ya mteja. Kwa trekta kazi yao ni nzuri. Kwa breki ni hatari, na sababu si ufundi wao. Mpira wa haidroli umetengenezwa kubeba oili inayotokana na mafuta ghafi. Mafuta ya breki ya kawaida ni ya glaikoli, na huula mpira huo kutoka ndani. Kinyume chake nacho ni kweli: oili ya injini au ya haidroli ikiingia kwenye breki huvimbisha kila mpira uliomo, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Mwenye wasiwasi na kilichomiminwa na mtu aliyemtangulia anaweza kudondoshea matone machache kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya glaikoli huchanganyika na maji, oili huelea. Ikielea, kubadilisha mipira minne peke yake ni kupoteza fedha.

Mipira ya kisasa iliyosukwa kwa nyaya za chuma ina wapenzi wengi, hasa vijana. Haipanuki sana na inapendeza. Lakini kwa gari la ngoma nne linalotembea barabara za vumbi, mpira wa kawaida wenye ubora unatosha, na una faida ya kuonyesha nyufa zake. Mchanga ukiingia kati ya nyaya husaga taratibu, na nyaya hizo nazo husaga chochote zinachogusa.

Kazi yenyewe huanza siku moja kabla. Viungo vyote vinasuguliwa kwa brashi ya waya na kunyunyiziwa dawa ya kulegeza kutu, hasa kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako chumvi ya bahari hukamatisha nati na paipu zikawa chuma kimoja. Siku ya kazi, kifaa cha lazima ni spana ya paipu namba 11, ile yenye pengo dogo mbele na inayokumbatia nati karibu pande zote. Spana ya kawaida hushika pembe mbili tu, na nati laini iliyokaa miaka 40 huviringwa ikawa gololi kwa mkono mmoja wa pupa.

Mpangilio wa kufungua una maana yake. Paipu ya chuma hufunguliwa kwanza, huku spana ya pili ikishikilia kichwa cha mpira kisizunguke. Nati ikizunguka pamoja na paipu, simama. Paipu iliyosokotwa imeshaharibika, na ni heri kutengeneza paipu mpya kuliko kuinyoosha na kuomba Mungu. Paipu ikishaachia, klipu inayobana mpira kwenye bati huchomolewa kwa bisibisi na prayaz, na mpira unakuwa huru upande wa juu. Ndipo upande wa chini, ambao kwenye mipira mingi ya mbele umeingia moja kwa moja kwenye silinda ya gurudumu, hufunguliwa kwa kuuzungusha mpira wote.

Mafuta yatadondoka, lakini si lazima yamwagike yote. Mafundi wazee wana ujanja wao: pedali inasukumwa chini kidogo na kushikiliwa kwa kipande cha mti dhidi ya kiti. Pistoni ikisogea mbele ya kile kitundu cha kurudishia, tangi la mafuta linafungwa na sakafu inabaki kavu. Ujanja usiofaa ni wa kubana mpira kwa prayaz ya kujifunga. Ukibana mpira unaotarajia kuutumia tena, umeuchana ndani kwa mkono wako mwenyewe. Na rangi ya gari ilindwe. Mafuta ya breki huibabua, na tone likianguka huoshwa mara moja kwa maji mengi, si kufutwa kwa kitambaa kikavu.

Kufunga huenda kinyume: upande wa silinda kwanza, kisha juu. Washa ya shaba, pale inapotumika, iwe mpya. Kila nati huanzishwa kwa vidole hadi mizunguko kadhaa iingie bila nguvu, ndipo spana ishike. Mkazo wa mpira kwenye silinda ni Nm 15 hadi 20, ambao ni mkono thabiti wa mtu mmoja, bila bomba la kuongezea urefu wa spana. Kabla klipu haijarudishwa, mpira utazamwe jinsi unavyokaa. Uwe na mkunjo wa asili, usiwe umesokotwa kama kamba. Usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gurudumu likiwa linaning'inia na likiwa limebeba gari. Popote mpira unapogusa tairi au unapovutika kama uzi wa upinde, urefu si wake au umefungwa vibaya.

Halafu upepo. Mafuta yawe mapya, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo, kwa sababu mafuta ya glaikoli hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 huanza kuchemka nyuzi 230 za Selsiasi ikiwa kavu; ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155, na ngoma ya gari lililotoka kushuka mlima haichekeshwi na tarakimu hiyo. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5, ambayo ni silikoni, haichanganyiki nazo hata kidogo, na isidhaniwe kuwa ni ndugu ya DOT 5.1, ambayo ni glaikoli. Wenye Citroën DS wasitumie yoyote kati ya hizo bila kujua mwaka wa gari lao, maana mfumo wake unaotumia oili ya kijani una mipira ya aina nyingine kabisa.

Kazi huanzia gurudumu la mbali na masta silinda, yaani kwa gari la usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine chini na chupa yenye bomba jembamba, na gereji inajaa wimbo ule ule wa miaka yote.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika hapo hapo... achia. Tena!"

Skrubu hufungwa kabla mguu haujaachia, kila mara, na tangi la mbele kwenye buti huchunguliwa kila baada ya mikanyago michache. Likikauka, hewa imeingia kupitia juu na wimbo unaanza upya. Kwa kuwa mafuta yameshafunguliwa, ni busara kuyatoa yote hadi rangi ya maji ya mto igeuke kuwa ya chai nyepesi. Volkswagen yenyewe iliagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2, agizo ambalo wenye magari wengi hulisikia mara ya kwanza siku kama hii.

Pedali ikishakuwa ngumu na ya juu, ikanyagwe kwa nguvu zote na kushikiliwa dakika nzima injini ikiwa imezimwa. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja au masta silinda imechoka. Isipozama, kila kiungo kifutwe kikauke na kukandamizwa karatasi nyeupe ya chooni. Hata jasho dogo litaacha doa. Breki ya mkono ijaribiwe kabla gari halijatoka uani, kwa sababu kwenye mzunguko wa kwanza ndiyo akiba pekee. Mzunguko huo uwe wa mwendo wa miguu, sehemu tambarare isiyo na watoto wala baiskeli, na wa pili uwe wa kilomita 5 au 6 ukimalizikia kwa kiganja kupita tena karibu na rimu zote nne.

Baada ya wiki moja magurudumu yashushwe na ile karatasi nyeupe irudi kwenye viungo vyote vinane. Wakati huohuo tarehe ya kufunga iandikwe kwa rangi kwenye bati la ndani ya buti, karibu na tangi la mafuta, mahali ambapo fundi ajaye ataiona kabla hajamwambia mwenye gari kwamba mipira bado inaonekana mizima.